Gemu halikufika mlikoahidi, sasa kwenye ripoti ya tafakuri uandike nini?

Swali nililoletewa, nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu shikamoo. Tuko wanne, mradi wetu wa mwisho ni gemu la simu, la 2D, vizuizi vinakuja na mhusika anaviruka, tumetumia programu ya kutengenezea magemu ya Godot. Kwenye pendekezo tuliahidi levo 12 na watu wawili kucheza pamoja mtandaoni. Tumefikisha levo 3, mtandao hatukugusa kabisa. Siku ya kuonyesha, kwenye simu ya msimamizi gemu likawa linakimbia mbio hadi akashindwa kucheza, wakati kwenye simu zetu liko poa. Na mwenzetu mmoja hajafanya karibu chochote. Sasa kila mtu anatakiwa aandike ripoti ya tafakuri. Nikisema ukweli si najikatia maksi mwenyewe? Na huyu mwenzetu namwandikaje?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la maksi maana naona ndilo linalokusumbua zaidi. Hujikatii maksi. Gemu lina maksi zake na msimamizi ameshaona alichoona kwenye simu yake, huwezi kumfanya asahau. Ripoti ya tafakuri inapima kitu kingine, inataka kujua kama unaelewa kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda, na ukipewa mradi mwingine kesho ni wapi utaamua tofauti na kwa sababu gani. Ndio maana kundi lenye gemu safi kabisa linaweza kuleta ripoti tupu, kwa sababu kila kitu kiliwaendea vizuri na hawajui kwa nini. Nyinyi mna vitu vya kuandika.

Kinachoshusha maksi ni sentensi za "tulikumbana na changamoto ya muda" na "tumejifunza umuhimu wa ushirikiano". Ichukue sentensi kama hiyo uipeleke kwenye ripoti ya mtu aliyetengeneza mfumo wa maktaba, utaona inakaa vilevile bila kubadilisha hata neno. Ukiona sentensi yako inaweza kuhama namna hiyo basi ifute, haisemi chochote kuhusu gemu lenu.

Unachotakiwa kufanya ni kuchukua maamuzi machache, matatu au manne yanatosha kabisa, na kila moja ulieleze mpaka mwisho: wakati ule mlijua nini, njia nyingine zilikuwa zipi, mkachagua ipi, ikazaa nini. Na ninaposema uamuzi nahesabu na yale mliyoamua bila kujua kama mnaamua. Kutotest kwenye simu ya mtu mwingine ni uamuzi, hata kama hakuna siku mliyokaa mkasema sasa tusitest.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja kusanya ushahidi, usitegemee kumbukumbu. Ukishajua mambo yaliishaje, kichwa kinapanga upya matukio ili yafanane na mwisho, utajikuta unaandika "tangu mwanzo tuliona levo 12 ni nyingi" kumbe hamkuona. Fungua historia ya Git, ile programu inayotunza kila badiliko la kodi, uandike pembeni komiti kubwa zote (yaani mabadiliko mliyohifadhi) na tarehe zake, halafu fungua grupu lenu la WhatsApp urudi juu kabisa kwenye siku mliyogawana kazi, na kama kuna mtu ametunza APK za zamani (faili za kusanikisha gemu kwenye simu) zisanikishe moja moja uzicheze. Weka hizo tarehe zote kwenye karatasi moja. Utashangaa, mara nyingi kwenye hiyo karatasi unaona wiki ambazo hakuna komiti hata moja na grupu liko kimya, na hapo ndipo pa kuuliza ilikuwaje.

Sasa hili la simu ya msimamizi nataka nilikalie maana ndilo lenye utamu kuliko yote. Kodi zenu sijaziona, ila dalili ulizotaja ni za mwendo ulioandikwa kwa fremu, yaani kwa kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, badala ya kwa sekunde. Kwenye Godot ile funksheni ya _process inaitwa kila fremu. Mkiandika kwamba kizuizi kisogee pikseli 4 kila inapoitwa, kwenye simu ya 60Hz, yaani skrini inayochora mara 60 kwa sekunde, kinasogea pikseli 240 kwa sekunde, kwenye simu ya 120Hz kikiachwa kifuate skrini kinasogea 480. Kodi ni ileile, gemu ni tofauti. Ndio maana funksheni hiyo inakuja na ile namba ya delta, yaani sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia, kama 0.0167 kwenye 60Hz na 0.0083 kwenye 120Hz, ukiandika 240 mara delta unapata mwendo uleule kwenye simu yoyote.

Lakini usiishie hapo, wengi wanaishia hapo na kuandika "tulisahau delta". Endelea kuchimba. Kama kila kitu kiliandikwa kwa fremu, yaani na kuruka na mvuto pia, basi kwenye simu ya msimamizi mhusika alikuwa anaruka urefu uleule na kuvuka upana uleule, ila kwa nusu ya muda. Kwa hiyo hakuna kizuizi kilichokuwa hakirukiki. Kilichomshinda ni muda wa kuona. Kama kizuizi kinatokea pikseli 720 mbele ya mhusika, kwenu mlikuwa na sekunde 3 za kujiandaa, yeye alikuwa na moja na nusu. Na kama vizuizi vinatolewa na Timer (kihesabu muda cha Godot) ya kila sekunde 2, hiyo Timer inahesabu sekunde za kweli, haijali skrini, kwa hiyo nafasi kati ya kizuizi na kizuizi kwenye simu yake ilikuwa pikseli 960 badala ya 480. Yaani alikuwa anacheza levo nyingine kabisa ambayo hakuna mtu kwenye timu aliyewahi kuipanga. Hapo umeonyesha kwamba unaelewa gemu lako, na hilo huwezi kulinakili popote.

Halafu jaribu kuthibitisha kabla ya kuandika, isiwe nadharia yangu mimi. Kama ni Godot 4 weka Engine.max_fps (kikomo cha fremu kwa sekunde) iwe 30, washa gemu kwenye laptopu, likienda polepole kwa nusu basi ugonjwa ni huo. Na angalia hilo jaribio limekwambia nini kingine: mngeweza kuligundua tatizo bila kuwa na simu ya 120Hz, kwa mstari mmoja tu. Hiyo iandike, hiyo ni tafakuri halisi, kwa sababu "hatukuwa na simu nzuri" ni kisingizio na sasa una ushahidi kwamba haikuwa sababu. Mkirekebisha muwe makini na move_and_slide ya kwenye Godot 4, funksheni inayomsogeza mhusika, ile velocity (kasi) unayoipa msiizidishe na delta kwa sababu yenyewe inafanya hiyo hesabu ndani, ila mvuto mnaouongeza kwenye velocity kila hatua ndio unazidishwa. Watu wanazidisha kila mahali na mhusika anaganda.

Ili uone ninachomaanisha, aya dhaifu ni hii: "Gemu lilikuwa na tatizo la kasi kwenye baadhi ya simu. Tumejifunza kutest kwenye vifaa vingi." Aya yenye nguvu inakuwa hivi: "Mwendo wa vizuizi tuliuandika pikseli 4 kwa fremu. Simu zetu zote nne ni za 60Hz na kila mtu alikuwa anatest kazi yake kwenye simu yake, hivyo kila aliyetest alipata jibu lilelile na tukadhani tumetest mara nne. Kwenye simu ya 120Hz mchezaji alipata nusu ya muda wa kuona kizuizi. Tulilithibitisha baadaye kwa kushusha fremu hadi 30 kwenye laptopu. Mradi ujao kasi ya fremu nitaibadilisha makusudi kwenye wiki ya kwanza ya mhusika kutembea, kabla hatujapanga umbali wa kitu chochote." Umeona pale "tukadhani tumetest mara nne"? Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko ukurasa mzima wa changamoto.

Tuje kwenye levo 12 zilizokuwa 3. Usiombe radhi kwa levo 3, eleza namba 12 ilitoka wapi. Nina hakika hakuna aliyeihesabu, mtu alisema 12 ikasikika vizuri. Angalia kwenye ile karatasi yako ya tarehe levo ya kwanza ilichukua muda gani na ya tatu ilichukua muda gani. Karibu kila mara ya kwanza inakula sehemu kubwa ya mradi kwa sababu ndani yake kuna gemu zima: kuruka, kugongana, sauti, menyu, kuhifadhi pointi, kurudi pale simu inapoita katikati ya mchezo. Ya tatu inaweza kuwa ya siku chache tu. Kwa hiyo kugawanya semista kwa 12 ni hesabu isiyo sahihi tangu mwanzo, levo hazina bei moja. Ukiandika hivyo na kuweka tarehe zenu pale, msomaji anaona mtu ambaye pendekezo lake lijalo litakuwa na maana.

Na huo mtandao, mimi nasema kuuacha ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote mliyofanya. Kucheza wawili mtandaoni hakuongezwi mwishoni kama muziki. Inabidi muamue tangu siku ya kwanza ukweli wa mchezo unakaa kwenye simu ya nani au kwenye seva. Chukua mtandao unaochelewa millisekunde 100 tu, kwa mwendo wenu wa pikseli 240 kwa sekunde simu mbili zinatofautiana pikseli 24 kuhusu kizuizi kilipo, mmoja anaona ameruka mwenzake anaona amegonga, nani yuko sahihi? Kwenye gemu la kupanga karata hilo halina neno, kwenye gemu la kukimbia ndio kila kitu. Swali la kujibu kwenye ripoti ni moja: mliuacha au ulikufa wenyewe? Kama kuna siku kwenye grupu mtu alisema jamani mtandao tuweke pembeni na mkakubaliana, itaje hiyo siku na sababu zake. Kama hakuna, na ulikuwa unahama kila wiki kwenda wiki ijayo mpaka semista ikaisha, sema hivyo, na hesabu ni nini kilichelewa kwa sababu mtu mmoja alikuwa bado anasoma mambo ya seva.

Udogo wa gemu peke yake usikutishe. Flappy Bird ya 2013 ilitengenezwa na mtu mmoja, Dong Nguyen wa Vietnam, na mchezaji kazi yake ilikuwa kugusa skrini basi. Levo 3 zinazochezeka vizuri zinatosha kabisa kuandikia, shida ni pale hizo 3 nazo zinapokuwa hazijachezwa na mtu wa nje.

Na hapo nakuuliza, nani alicheza gemu lenu kabla ya msimamizi? Kama jibu ni marafiki na walisema kali sana, hilo si jaribio, rafiki hawezi kukwambia gemu lako baya wakati umekaa unamwangalia usoni. Angalia vidole vyake, usimuulize. Mpe simu, usimwelekeze chochote, nyamaza, andika anagusa wapi kwanza, anafia wapi, anarudia mara ngapi kabla ya kuiweka simu chini. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi, hivyo hamhitaji umati. Muda bado mnao, tafuteni watu 5 wiki hii, hata kama mradi umeshawasilishwa, ila kwenye ripoti useme wazi kwamba jaribio hili limefanyika baada ya kuwasilisha. Usirudishe tarehe nyuma. Anayesahihisha anaweza kufungua Git kama wewe unavyofungua.

Utakayoyaona mengi ni madogo madogo ya aina hii: batani ya kusimamisha mchezo ni ndogo kuliko kidole. Mwongozo wa Android unataka sehemu ya kugusa isipungue dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), ambayo ni kama milimita 9 hivi, Apple wanasema pointi 44. Mnapotengeneza kwenye laptopu mnabonyeza kwa mausi yenye ncha kali kama sindano, kwa hiyo batani ya milimita 5 inaonekana sawa tu mpaka ije kwenye dole gumba. Jingine, mkono wenyewe unafunika skrini, na kama kizuizi kinatokea kona ya chini kulia ndipo kidole kilipo, mchezaji hakioni. Chagua moja la namna hiyo ulieleze vizuri, mengine yataje tu upite.

Kama mlikuwa na mpango wa kuweka gemu Play Store wiki ya mwisho, kuna jambo linawakuta wanafunzi wengi sana. Akaunti binafsi za watengenezaji zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kufanya jaribio la kufungwa (closed testing) la watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kutoa gemu kwa umma (mwanzoni walitaka watu 20, wakapunguza Desemba 2024). Hiyo haifanyiki kwenye wiki ya mwisho hata mkeshe. Likiwa limewakuta, liandike kama suala la ratiba: sharti la nje ambalo lilipaswa kusomwa siku ya kupanga, si siku ya kupakia.

Sasa mwenzenu. Pole, najua inauma kubeba kazi ya mtu halafu jina lake liko kwenye kava sawa na la kwako. Lakini ripoti yako ya tafakuri si mahali pa kumshtaki. Kama chuo chenu kina fomu ya kutathmini wenzako kundini, huko ndiko kwake, na huko sema ukweli wote bila kumung'unya maneno. Kama hakuna fomu, nenda kwa msimamizi umwambie kwa mdomo kabla ya kuwasilisha. Kwenye ripoti andika upande wenu: kazi aliyopewa ilikuwa imeandikwaje? "Utashughulika na sauti" si kazi, haina mwisho, huwezi kujua kama imeisha. Alipokaa kimya wiki ya kwanza nani alimtafuta? Mligundua lini kwamba hakuna kitu, na baada ya kugundua mkafanya nini? Mara nyingi jibu ni kwamba wote walijua mapema wakaona aibu kusema, halafu mmoja akaifanya ile kazi usiku kimyakimya, na ndio ikawa utaratibu.

Halafu uwe na haki. Usihesabu komiti ukasema ana 6 mimi nina 90. Mtu aliyechora wahusika wote anaweza kupakia mara mbili tu, na aliyekaa pembeni yako mkatatua tatizo kwenye laptopu yako jina lake halimo kabisa kwenye Git. Kabla hujaandika chochote kumhusu mpigie, muulize yeye anaonaje ilivyokwenda. Nimeona zaidi ya mara moja kundi likigundua kwamba mwenzao hakuwa na kompyuta inayoweza kufungua mradi na aliona haya kusema.

Kama wamewataka mtumie mzunguko wa tafakuri wa Gibbs wa 1988, ule wenye hatua sita kuanzia maelezo, hisia, tathmini hadi mpango wa baadaye, utumie ila usiugeuze kuwa vichwa sita vya habari vya ripoti nzima. Upitishe kila uamuzi ndani yake. Na hatua ya hisia isikupe tabu, hawataki kusikia kwamba ulihuzunika, wanataka hisia pale ilipobadilisha uamuzi. Mfano mliogopa kumwonyesha msimamizi gemu lisiloisha, kwa hiyo mkakaa nalo, kwa hiyo simu yake ya 120Hz mkaikuta siku ya mwisho. Woga huo una nafasi kwenye ripoti kwa sababu una matokeo yanayoonekana.

Mwisho kabisa, picha na sauti mlizochukua mtandaoni. Kila moja itafutie leseni yake leo. Nyingi ni za Creative Commons (CC): CC0 hamdaiwi chochote, CC BY lazima mtaje jina la mwenye kazi, yenye NC hamruhusiwi kuitumia kibiashara, kwa hiyo matangazo ndani ya gemu yanawaletea shida. Na kodi mlizotoa kwenye mafunzo ya video au kwa msaidizi wa AI zitajeni, sema ipi na mlibadilisha nini. Ukikuta faili ambalo hakuna anayekumbuka lilitoka wapi liandike hivyo kwenye ripoti na mlitoe kwenye gemu kabla halijaenda kwa umma. Ukimaliza kuandika ile sehemu ya kasi ya fremu nitumie hiyo kwanza niione, zile nyingine endelea nazo taratibu.